Mita 20 zenye gramu 5: niongeze hisa?

SWALI: Shikamoo Mama. Nina hisa katika kampuni ndogo inayotafuta dhahabu. Wametangaza kwamba shimo lao la nne limekuta "mita 20 zenye wastani wa gramu 5 kwa tani, ikiwemo mita 1 yenye gramu 95". Bei ya hisa ilipanda siku ileile. Sasa wanauza hisa mpya ili wachoronge mashimo mengine. Niongeze?
Mwenye Hisa Chache

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla hujatoa senti, chukua kalamu. Mita 20 mara gramu 5 ni 100. Ile mita moja peke yake imebeba 95. Zinabaki 5 tu za kugawana mita 19, na kila mita inaambulia gramu 0.26 kwa tani. Kampuni haijakudanganya, kila tarakimu ni ya kweli. Ila utajiri wa mita moja umetandazwa juu ya mwamba ambao karibu hauna kitu. Ulichonacho mpaka sasa ni mkanda mwembamba wenye dhahabu nyingi, uliokutwa na shimo moja.

Sasa tuiangalie hiyo mita moja, maana ndiyo niliyoifanyia kazi maisha yangu yote. Mtambo ukichoronga kwa keekee yenye meno ya almasi, unatoa mche wa mwamba, mviringo, unene wake kama mpini wa jembe. Ukubwa unaotumika sana una kipenyo cha milimita 47.6. Mche unalazwa kwenye sanduku, unaoshwa, halafu mjiolojia anachora mstari kwa urefu wake. Msumeno unafuata mstari huo, maji yakichuruzika meupe kama tui. Nusu moja inaingia kwenye mfuko wa maabara, nusu ya pili inarudi sandukuni.

Siku moja niliona kwenye kwatzi, lile jiwe jeupe gumu, punje ya dhahabu, milimita moja hivi. Msimamizi wangu alinisogelea akaniambia niusogeze mstari kidogo, ile punje iangukie upande wa mfuko. Nilikataa, nikauchora katikati ya mkanda kama ulivyolala, tukanuniana mwezi mzima. Nakusimulia ili ujue punje moja ina uzito gani katika hesabu hizi. Dhahabu ni nzito mara 19.3 kuliko maji, kwa hiyo punje ya milimita moja ina miligramu 10 hivi. Nusu ya mche wa mita moja ina uzito wa kilo 2.4 hivi, lakini baada ya kusagwa, maabara huweka kwenye tanuri gramu 30 au 50 tu. Na dhahabu haisagiki vizuri, inabonyea na kuwa bapa. Punje hiyo ikiangukia kwenye kijiko cha gramu 30, jibu linapita gramu 330 kwa tani. Isipoangukia, jibu linaweza kuwa sifuri. Mwamba ni uleule, mfuko ni uleule.

Ndiyo maana kampuni makini, ikipata jibu kama la gramu 95, hurudisha sampuli maabara ichekechwe, dhahabu ya chengachenga ipimwe peke yake. Vilevile huchanganya kwenye mafungu yake mifuko ya mwamba usio na dhahabu na mifuko ya unga ambao kiwango chake kinajulikana, bila kuitambulisha kwa maabara, ili kuipima maabara yenyewe. Waulize kama wamefanya hivyo, na majibu yake yalikuwaje.

Waulize pia ile nusu ya pili iko wapi. Katika mradi wa Busang, Indonesia, kampuni ya Bre-X ya Kanada ilikuwa ikisaga mche karibu wote badala ya kuhifadhi nusu. Mwaka 1997 kampuni nyingine ilichoronga mashimo ya uhakiki kando ya yale ya kwao, ikakuta dhahabu isiyo na maana. Sampuli zilikuwa zimetiwa dhahabu kutoka nje. Watu walipoteza akiba za maisha yao, na mimi bado naumia nikikumbuka kwamba nusu ya mche sandukuni ingewaokoa mapema. Tangu 2001 Kanada inataka taarifa za namna hii zisimamiwe na mtaalamu anayetajwa kwa jina. Litafute jina hilo chini ya tangazo lako.

Jambo jingine ni pembe. Choma daftari kwa sindano iliyosimama wima, utapita nusu sentimita ya karatasi. Ilaze sindano, utapita sentimita kadhaa, na daftari halijanenepa. Shimo likiukata mkanda kwa nyuzi 30, mita 20 za shimo ni mita 10 za unene halisi. Tangazo lako limesema urefu wa shimo au unene wa mkanda? Kama halisemi, hesabu kwamba ni urefu wa shimo.

Kuhusu hisa mpya: kampuni hizi hazina mgodi wala mapato, kila mita inayochorongwa hulipwa kwa kuuza hisa. Zikiwa milioni 100 na wakaongeza milioni 50, fungu lako limepungua kwa theluthi moja. Si dhambi, hakuna njia nyingine ya kupata mashimo. Lakini mimi nisingeongeza kwa shimo moja. Ningesubiri mashimo mawili matatu ya jirani, umbali wa mita 40 au 50, nione kama ule mkanda unaendelea. Ukiendelea, hata kwa gramu 10 badala ya 95, nitafurahi kuliko nilivyofurahia hilo tangazo. Jedwali la mashimo hayo likitoka, lenye pembe na kina, nitumie tulisome pamoja.