Makala nyingi, wasomaji wachache: maswali na majibu kwa wenye blogu

Nina blogu ya kilimo yenye makala karibu mia mbili, lakini kwa siku naona wasomaji wasiozidi thelathini. Je, nianze kuandika kila siku? (Mbeya)

Usiandike mpya kwanza. Makala mia mbili zisizosomwa haziokolewi na ya mia mbili na moja. Fungua Google Search Console, zana ya bure inayoonyesha blogu yako inavyoonekana kwenye matokeo ya utafutaji wa Google, thibitisha kwamba blogu ni yako, kisha subiri siku chache takwimu zikusanyike. Ingia sehemu ya utendaji, chagua kipindi cha miezi mitatu, na uwashe vipimo vyote vinne: mibofyo, mara ulizoonekana, asilimia ya waliobofya, na nafasi ya wastani kwenye matokeo. Sasa tafuta kurasa zilizoonekana mara nyingi zikiwa kati ya nafasi ya 8 na ya 20. Hizo Google imeshazihusisha na swali la mtu, ila zimekaa chini mno msomaji hazifikii. Kazi yako ya mwezi mzima iko hapo.

Bofya ukurasa mmoja mmoja usome maneno ambayo watu waliyaandika walipokuwa wakitafuta. Kosa tunaloliona zaidi kwenye blogu za kilimo ni makala kubeba jina la kitaalamu wakati mkulima anatafuta kwa jina lake. Wewe umeandika "Udhibiti wa Tuta absoluta katika zao la nyanya". Yeye anaandika "dawa ya kantangaze". Majina yote mawili yawemo ndani, ila la mkulima likae kwenye kichwa.

Kisha futa utangulizi. Aya tatu kuhusu mchango wa nyanya katika uchumi wa taifa zinamfukuza mtu ambaye majani yake yanakauka leo. Aya ya kwanza imweleze atakachokiona: njia nyeupe ndani ya jani, na vitundu kwenye tunda, hasa karibu na kikonyo. Zifuate hatua: kung'oa na kuteketeza masalia, kutega mitego ya feromoni (harufu inayowavuta wadudu), kubadilisha viuatilifu vya makundi tofauti kwa zamu kwa sababu mdudu huyu hujenga usugu haraka, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna kama lebo inavyosema. Makala inayotaja "tumia dawa inayofaa" haijamjibu mtu.

Ukikuta makala tatu zinazojibu swali lilelile, ziunganishe katika ile inayoonekana zaidi, na zile nyingine uzielekeze kwake kwa uelekezaji wa kudumu, yaani anayefungua anwani ya zamani apelekwe mwenyewe kwenye ile iliyobaki (kwenye Blogger sehemu hiyo imo ndani ya mipangilio). Anwani ya ukurasa unaobaki usiiguse hata kama haikupendezi. Ukiibadilisha bila kuielekeza, kila kiungo kilichokwisha kusambazwa kinakufa. Na tarehe usiisogeze mbele kama hujabadilisha kitu cha maana ndani yake. Baada ya hapo subiri wiki nne hadi sita ndipo upime tena.

Wasomaji wananilalamikia kwamba blogu yangu inakula bando. (Mwanza)

Karibu kila mara ni picha. Picha moja ya simu ya siku hizi ina MB 3 hadi 5. Ukiweka tano, msomaji ameshapakua MB 15 au zaidi kabla ya kumaliza aya ya pili. Punguza upana hadi pikseli 1200, hifadhi kwa muundo wa WebP au JPEG yenye ubora wa 75, na hakikisha kila picha inabaki chini ya KB 150. Squoosh hufanya kazi hiyo bure ndani ya kivinjari. Andika pia upana na urefu wa picha kwenye msimbo, la sivyo maandishi yataruka picha inapoingia na msomaji atabonyeza asichokusudia.

Ukimaliza picha, ondoa slaidi za ukurasa wa mwanzo, video inayojicheza yenyewe, na fonti za ziada. Video ya YouTube weka kama picha yenye kiungo. Pima kasi kwa PageSpeed Insights, zana ya Google, upande wa simu, si wa kompyuta. Viwango vya Google ni hivi: kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200, na kipimo cha kurukaruka kisizidi 0.1.

Nikituma kiungo kwenye magrupu ya WhatsApp natolewa. Nifanyeje? (Mombasa)

Unatolewa kwa sababu unatupa kiungo kitupu. Andika jibu lenyewe kwa mistari mitatu au minne ndani ya ujumbe, kiungo kikae mwisho kwa anayetaka undani. Na usitume kila makala kila mahali. Tuma pale swali lilipoulizwa.

Orodha ya matangazo ya WhatsApp nayo ina mipaka ambayo wengi hawaijui: haizidi watu 256, na ujumbe humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Kwa blogu, chaneli ni bora, maana mfuasi hahitaji kuwa na namba yako, wala wafuasi hawaonani namba. Weka kiungo cha chaneli mwishoni mwa kila makala, si pembeni ambako kwenye simu hakuonekani.

Kama kiungo chako hakitoi picha kinapotumwa, angalia picha ya kushirikisha (og:image). Iwe na pikseli 1200 kwa 630 na isizidi KB 300. WhatsApp huweza kuendelea kuonyesha hakikisho la zamani, kwa hiyo unapojaribu ongeza ?v=2 mwishoni mwa anwani ili ihesabike kama anwani mpya.

Tunakusihi uwe pia na orodha ya barua pepe. Grupu lina msimamizi wake na chaneli ina kampuni yake, lakini orodha ya anwani unaweza kuhama nayo. Chukua anwani kwa ridhaa tu, eleza utazitumiaje, na weka njia ya kujiondoa katika kila barua. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya 2019 na ile ya Tanzania ya taarifa binafsi ya 2022 zinakuhusu hata kama una watu hamsini.

AdSense wamesimamisha matangazo yangu na sijavunja sheria yoyote. (Dodoma)

AdSense ni huduma ya matangazo ya Google, na inataka uthibitishe anwani yako kwa namba ya siri (PIN). Angalia kama uliiingiza. Mapato yakifika dola 10 Google hutuma PIN kwa posta, na ukipitisha miezi minne bila kuiingiza matangazo husimama. Andika anwani ya sanduku la posta unalolifungua kweli. Malipo hutoka baada ya kufikisha dola 100. Usibofye matangazo yako wala kuwaomba ndugu wabofye, akaunti hufungwa.

Kwa blogu ndogo yenye mada moja, duka la pembejeo lililo karibu na wasomaji wako linaweza kukulipa vizuri zaidi kwa bango la mwezi mzima. Liandikwe wazi kuwa ni tangazo, na kiungo chake kipewe alama ya sponsored kwenye msimbo, ili Google ijue kimelipiwa.

Je, nahitaji leseni? (Dar es Salaam)

Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilianza mwaka 2018 na zimebadilishwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo usifuate makala za zamani. Waulize TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) wenyewe, uwaeleze unaandika nini, hasa kama unagusa habari na matukio.

Nikinunua jina langu la .co.tz, je, nitapoteza wasomaji wa blogspot? (Arusha)

Hapana. Kwenye Blogger ingiza jina jipya katika mipangilio, kisha kwa msajili wako (kampuni iliyokuuzia jina) elekeza www kwa rekodi ya CNAME, inayopeleka jina moja kwenye jingine, kwenda ghs.google.com, na uongeze rekodi ya pili ya uthibitisho utakayopewa. Washa HTTPS (muunganisho salama). Anwani ya zamani itawapeleka watu kwenye mpya yenyewe. Sajili jina kwa barua pepe yako, si ya fundi, na uweke ukumbusho wa kulipia mwezi mmoja kabla halijaisha muda.