Gitaa Chini ya Sauti: Kumsindikiza Mwimbaji kwa Mtindo wa Jazz ya Zamani

Mpiga gitaa aliyezoea bendi akiitwa kumsindikiza mwimbaji peke yake, kosa la kwanza ni kujaza. Besi haipo, ngoma hazipo, tarumbeta hazipo. Ukimya unamtisha, basi anapiga nyuzi zote 6 tangu mwanzo hadi mwisho. Mwimbaji naye anapaza sauti ili asikike, na wimbo uliotakiwa kuimbwa kwa upole unakuwa mashindano. Wapiga gitaa wa Marekani wa mwisho wa miaka ya 1920 walikwishaipatia dawa shida hii, na dawa yenyewe ni fupi: mwimbaji akiimba, gitaa likae chini ya sauti yake, akivuta pumzi, gitaa lipande. Yote yanayofuata ni namna ya kulitimiza hilo kwa vidole.

Aliyelifanya vizuri kuliko wote ni Eddie Lang. Alizaliwa Philadelphia mwaka 1902 kwa jina la Salvatore Massaro, akajifunza fidla kabla ya gitaa, na hilo linasikika: anawaza mistari ya sauti kabla ya kuwaza kodi. (Kodi za muziki, yaani nota kadhaa zinazolia pamoja, si zile za kulipa.) Alimsindikiza Ruth Etting, alimsindikiza Cliff Edwards, Mei 1929 alirekodi na mwimbaji wa blues Bessie Smith, Clarence Williams akiwa kwenye piano, na alikuwa na mwimbaji Bing Crosby hadi yeye Lang alipofariki Machi 1933. Katika filamu ya mwaka 1932, The Big Broadcast, anaonekana akimpigia Crosby. Itafute, kisha tazama mkono wa kushoto jinsi unavyohama kidogo kidogo.

Kabla ya 1925 kazi hii isingewezekana studioni. Sauti ilikusanywa kwa tarumbeta kubwa la bati, na gitaa halikusikika. Banjo ndiyo iliyopenya. Mwaka huo kampuni za Victor na Columbia zilianza kurekodi kwa maikrofoni, mwimbaji akaweza kuimba kama anayezungumza na mtu mmoja, na gitaa likapata nafasi. Kwa hiyo mtindo huu wote ni mtoto wa maikrofoni. Ukiupiga kwa nguvu unaua sababu ya kuwepo kwake.

Tahadhari kwa msomaji wa kwetu: Morogoro Jazz na Western Jazz walibeba jina hilo, lakini walipiga muziki wa dansi, na hapa tunazungumzia kitu kingine. Aliyetoka kwenye gitaa kavu la vidole viwili anakuja na dole gumba lenye nguvu, na hiyo ni mali. Kinachomsumbua ni mazoea ya nyuzi zilizoachwa wazi na kapo (kibanio cha kubana nyuzi zote shingoni). Hapa nyuzi wazi karibu hazitumiki, na sababu zitajionyesha.

Chombo kwanza, kwa haraka. Lang alitumia Gibson L-5, gitaa la tumbo lililobinuka na matundu yenye umbo la herufi f. Si lazima ulipate. Gitaa kavu lolote la nyuzi za chuma litafanya kazi ukiweka seti ya 12 hadi 54 au 13 hadi 56, na uzi wa 3 uwe wa kuviringishwa, usiwe mtupu. Uzi wa 3 mtupu kwenye seti nene husikika mwembamba na hupotea sauti kila unapoubana, na huo ndio uzi tutakaoutegemea kuliko wote. Urefu wa nyuzi juu ya freti (kipande cha chuma shingoni) ya 12 uwe milimita 2.5 hivi kwa uzi wa 6, ule mnene kuliko wote, na 2 kwa uzi wa 1. Ukizishusha zaidi zitakwaruza freti pale unapohitaji pigo lenye uzito. Piki iwe nene, milimita 1.2 hadi 1.5, piki laini hupiga kelele yake yenyewe kabla ya uzi kulia. Kama kidaraja cha gitaa lako hakikugundishwa, linganisha sauti ya harmoniki (uzi ukiguswa tu bila kubanwa) ya freti ya 12 na nota ya freti hiyo hiyo ukiibana. Zisipofanana, kidaraja kimesogea.

Sasa kodi. Tunaziandika kuanzia uzi mnene kwenda mwembamba, namba ikiwa freti ya kubana na x ikiwa uzi usiolia. Umbo la msingi lina nota 3 tu, nyuzi za 6, 4 na 3. G6 ni 3-x-2-4-x-x. G7 ni 3-x-3-4-x-x. Gm7 ni 3-x-3-3-x-x. Uzi wa 5 unazibwa na ubavu wa kidole kinachobana uzi wa 6. Nyuzi za 2 na 1 zinafunikwa na vidole vilivyolala kidogo. Kuziba huku kunachukua wiki kadhaa, na wengi hukata tamaa hapa. Usikate tamaa, kwa sababu ukishaweza, umbo hilo hilo linahamia ufunguo wowote kwa kusogeza mkono. Nyimbo zile mara nyingi ziliandikwa kwa E-flat, A-flat na B-flat, na mwimbaji akiomba ushuke nusu toni huna muda wa kutafuta kapo. Zaidi ya hayo, uzi wazi haukatiki kwa urahisi. Nota iliyobanwa unaikata kwa kulegeza kidole bila kukiondoa, na kukata ndiko kunakoleta mwendo.

Kwa nini G6 na si G yenye nota ya saba kubwa, 3-x-4-4-x-x, ambayo leo kila mtu anaiona ndiyo ya jazz? Kwa sababu nyimbo nyingi humaliza sentensi kwenye nota ya msingi. Mwimbaji akishikilia G huku wewe unapiga F-sharp, nota mbili hizo zinasagana, naye atadhani ni yeye aliyekosea. Nota ya sita haigombani na mtu. Hii ndiyo sababu rekodi za wakati ule zimejaa kodi za sita.

Mwimbaji anaposhikilia nota ndefu, usikae pale pale ukigonga kodi moja. Sogeza besi. Jaribu mfuatano huu, mapigo mawili kila kodi: G6 kwa 3-x-2-4-x-x, G-sharp iliyopunguzwa (diminished) kwa 4-x-3-4-x-x, Am7 kwa 5-x-5-5-x-x, D7 kwa 5-x-4-5-x-x. Angalia kilichotokea: besi imepanda G, G-sharp, A, ikatulia; na kutoka Am7 kwenda D7 kimesogea kidole kimoja, freti moja. Msikilizaji anasikia safari, mwimbaji anabaki na ardhi chini ya miguu. Ila kodi zilizopunguzwa ni kama pilipili manga. Mbili ndani ya vipimo 8 (kila kipimo mapigo 4) zinatosha.

Kuna jambo ambalo walimu wengi hawalisemi. Muziki wa gitaa huandikwa oktavu moja juu ya sauti yake halisi, na hivyo wapiga gitaa wengi hawajui sauti ya mwimbaji iko wapi kwenye shingo ya gitaa. Mwanamke anayeimba kati ya A iliyo chini ya C ya kati na C iliyo oktavu moja juu ya hiyo ya kati, yuko kuanzia freti ya 2 ya uzi wa 3 hadi freti ya 8 ya uzi wa 1. Kodi zetu za nyuzi 6, 4 na 3 kwenye freti za chini ziko karibu zote chini yake. Hapo una amani. Lakini mwanamume wa sauti ya baritoni, kama Crosby, anaimba kuanzia freti ya 3 ya uzi wa 5 hadi uzi wa 1 ukiwa wazi: yaani yumo ndani ya kodi zako. Kila nota ya katikati unayopiga inamkanyaga. Kwake punguza hadi nota mbili, msingi na ile ya hatua ya kumi: G na B kwa 3-x-x-4-x-x, kisha A na C kwa 5-x-x-5, B na D kwa 7-x-x-7, C na E kwa 8-x-x-9. Katikati umeacha wazi, na sauti yake inakaa hapo. Piga uzi wa 6 kwa piki na wa 3 kwa kidole cha kati.

Wimbo wa aina ile huanza na utangulizi wa kuimbwa huru, kisha kiitikio cha vipimo 32, vipande vinne vya vipimo 8, cha tatu kikiwa tofauti. Kwenye utangulizi usihesabu. Piga kodi moja kila inapobadilika, polepole kuanzia besi kwenda juu, na usubiri konsonanti ya neno, si vokali. Ukisubiri vokali umeshachelewa. Kiitikioni, kipande cha kwanza piga besi kwenye pigo la 1 na 3, kodi fupi kwenye la 2 na 4. Cha pili ongeza besi inayotembea. Cha tatu piga mapigo yote 4 kwa kodi, kwa sababu hapo wimbo wenyewe unabadilika na unahitaji msukumo. Cha mwisho rudi ulikoanzia.

Majibu, yaani vipande gitaa linavyopiga mwimbaji anaponyamaza, ndipo watu wanapojiharibia. Sentensi ya vipimo 4 mara nyingi huishia pigo la 1 la kipimo cha 3. Usiingie papo hapo. Acha neno lizime, anza pigo la 2, maliza kufikia pigo la 3 la kipimo cha 4, na pigo la mwisho liache tupu kabisa, maana hapo ndipo mwimbaji anapovuta pumzi na anahitaji kusikia alipo. Hayo ni mapigo 6. Nota 5 hadi 8 zinatosha. Anzia kwenye nota aliyoishia yeye, au nota ya tatu chini yake, halafu ondoka. Piga karibu na kidaraja ili nota moja moja zisikike bila kuongeza nguvu, kisha rudi mwishoni mwa shingo kwa kodi. Karibu kila mtu huharakisha kwenye majibu, kwa kuogopa kwamba hatafika. Dawa ni kuimba maneno ya wimbo kwa mdomo huku unapiga. Ukishindwa kufanya vyote viwili, jibu lako ni refu mno.

Mianzo ya vipimo 4 ina mtego mmoja. Kodi ya mwisho kabla ya mwimbaji kuingia inapaswa kumpa nota yake. Akianza na D katika ufunguo wa G, piga D7 yenye D juu: x-5-4-5-3-x. Miaka ile walipenda pia kodi zilizoongezwa, A ndani ya D7 ikipandishwa kuwa A-sharp, na zina utamu wake. Ziweke kwenye majibu. Ukimpa mtu A-sharp sikioni sekunde moja kabla hajaingia, ataingia pasipo pake, na lawama zitakuwa zako kwa haki.

Kwa waimbaji wa blues, ondoa nota ya tatu ya kodi (kwenye G ni B). Wao huteleza kati ya B-flat na B kwa makusudi, na wewe ukiitaja B kwa uthabiti unawafanya wasikike wamekosea. Piga 3-5-3-x-x-x: G, D, F, basi. Na usiwaze vipimo 12 kama sheria. Texas Alexander, ambaye Lonnie Johnson alimpigia gitaa kuanzia 1927, alikuwa akirefusha na kufupisha mistari apendavyo. Kwa mtu kama huyo kaa ubavuni mwake, nyuma kidogo, uone mabega yakipanda. Badilisha kodi baada ya bega, si baada ya hesabu.

Kama mna maikrofoni moja, mwimbaji awe sentimita 20 hadi 30 kutoka kwake, gitaa 60 hadi 90, na pale shingo inapokutana na tumbo paelekee maikrofoni, si tundu. Vua viatu kama unagonga mguu. Rekodi kwa simu, sikiliza kwa sauti ndogo sana: usipoyasikia maneno yote, gitaa limezidi.

Mwishoni, subiri. Mwimbaji akiwa bado ameshikilia nota ya mwisho, weka 3-2-2-2-3-3 kwa upole, besi kwenda juu. Ukiwa kwenye ufunguo wa G unaweza kuongeza harmoniki za freti ya 12 kwenye nyuzi za 4, 3 na 2, zinatoa D, G na B. Zinapigwa mara moja tu, baada ya yeye kunyamaza, kisha kiganja kinafunika nyuzi.