Punguza kwenye bodi na kipoza, usipunguze ubora wa pawa saplai

Ndugu, hiyo orodha yako ya vifaa vya kuunda kompyuta, yaani prosesa ya Ryzen 7 5800X, bodi (motherboard) ya X570, kipoza prosesa cha maji na kadi ya picha ya RTX 4060, kwa gemu za 1080p (picha ya Full HD), imeweka pesa pasipostahili. Shuka hadi Ryzen 5 5600. Ina kori 6, inakula wati 65, na ukinunua ya boksi inakuja na feni yake, kwa hiyo kipoza cha maji futa kabisa. Bodi chukua B550, kwenye gemu hutaona tofauti. Ila tazama boksi la bodi kama lina stika ya kuonyesha iko tayari kwa Ryzen 5000, maana za zamani huhitaji kusasishwa BIOS (programu ya ndani ya bodi) kwanza.

RAM GB 16 inatosha kuanzia, lakini viwe vijiti viwili vya GB 8. Kompyuta ya mdogo wangu ilikuwa na kijiti kimoja na gemu zilikwama kila kona. Tulipochomeka cha pili kinachofanana nacho, zikatulia.

Pawa saplai ya wati 850 ni kubwa mno, kadi yako inakula wati 115 tu. Wati 550 zinatosha, lakini tafadhali iwe ya kampuni inayojulikana yenye cheti cha 80 Plus Bronze (cha kutopoteza umeme mwingi). Zile nyepesi za bei ya kutupa zikiungua zinaweza kuondoka na bodi na kadi.

Kasha la mataa liache. Ukichukua kadi iliyotumika, muuzaji aiwashe na gemu mbele yako nusu saa nzima, kabla hujatoa hela.