Gome la mkomafi kwa kuhara

Ndugu, umeuliza kama gome la mkomafi, mti wa jamii ya mikoko, linatibu kuhara kweli, na kama mtoto anaweza kunywa. Gome hilo lina tanini nyingi, ile inayokaza ulimi ukilitafuna, ndiyo maana watu wa pwani hulichemsha tumbo likiendesha. Mkomafi ni wa ukoo mmoja na mwarobaini. Mbegu zake chungu zina kemikali iitwayo gedunini, ambayo maabarani imeonekana kuua vimelea vya malaria. Hayo ni ya maabara tu, usiache dawa ya hospitali kwa ajili yake. Mtoto usimpe kabisa, nakusihi: mpe ORS (chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini) na zinki, umwahishe zahanati. Na gome lisibanduliwe kuzunguka shina zima, mti utakufa.