Cheti cha NIOS kinatambulika, shida huwa kwenye fomu

Mama mmoja Mtanzania anayeishi Pune ameandika: mwanawe ameacha shule ya kawaida, anasomea nyumbani, na jirani kamwambia cheti cha NIOS "hakina thamani". Jirani kakosea. NIOS ni bodi ya shule huria ya serikali ya India, ilianza 1989, na vyeti vyake vya darasa la 10 na la 12 vina hadhi sawa na vya CBSE, bodi kuu ya shule ya serikali ya India. Wanaoumia mara nyingi ni waliojaza fomu kabla ya kujua wanaelekea wapi.

Cheti kinataka masomo matano, angalau moja likiwa lugha. Uhuru huo wa kuchagua ndio mtego wenyewe. Mtoto huchukua uchoraji na sayansi kimu kwa kuwa ni mepesi, halafu akifika darasa la 12 anataka udaktari. NEET, mtihani wa kuingia vyuo vya udaktari, inadai fizikia (namba ya somo NIOS ni 312), kemia (313), baiolojia (314) na Kiingereza (302). Uhandisi unadai hisabati (311). Basi fungueni kwanza masharti ya chuo, ndipo mguse fomu.

Umri: miaka 14 kwa darasa la 10, 15 kwa la 12. Kati ya vyeti hivyo viwili lazima ipite miaka miwili. Ukiwahi kwa mwaka mmoja, unaruhusiwa masomo manne tu, la tano linasubiri. Wazazi wenye haraka hugonga ukuta hapa.

Usajili unadumu miaka mitano, na mitihani iko mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba. Aliyefaulu masomo kwenye bodi nyingine inayotambulika anaweza kuhamisha mawili, ila aombe wakati wa kujisajili. Kazi zinazosahihishwa na mwalimu zina uzito wa asilimia 20, na wengi huzipuuza. Ufaulu ni asilimia 33, na katika sayansi nadharia na vitendo kila kimoja kinapimwa peke yake. Usipohudhuria maabara ya kituo chako, alama nzuri za nadharia hazikuokoi.

Kuna pia "bodi" za mifukoni zenye majina yanayofanana na ya serikali, zinazoahidi darasa la 10 ndani ya miezi miwili. Tazama kama bodi hiyo inatambuliwa na AIU, muungano wa vyuo vikuu vya India, kabla ya kulipa hata rupia moja. Na kwa kuwa mnafikiria kurudi nyumbani, tunzeni vyeti halisi pamoja na karatasi za alama: NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, ndiyo itakayolinganisha cheti hicho na cha Tanzania.