Barua kwa mwanangu: leseni iliyolala

Mwanangu Zuhura,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Sisi wazima. Goti la mama yako linamsumbua tangu vuli ianze, na habari ya hospitali hataki hata kuisikia. Tanga ni ile ile uliyoiacha.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Nakujibu kwa kuandika kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza.

Umeuliza: "Baba, leseni yangu ya mikopo ya nyumba niilaze, au niiache ife?" Nilivyokuelewa mimi, tangu kampuni iliyokuwa ikikudhamini ifunge tawi lake pale Columbus, Marekani, leseni haina mdhamini. Haijafutwa, jina lako bado limo kwenye ule usajili wa nchi nzima, NMLS, lakini imelala. Huruhusiwi kupokea maombi ya mteja wala kujadili naye masharti ya mkopo mpaka kampuni nyingine ikuchukue. Kulala kwake nako kunataka matunzo: kati ya tarehe 1 Novemba na 31 Desemba unatakiwa kuihuisha, kulipa ada, na kumaliza saa 8 za masomo, 3 za sheria za serikali kuu, 2 za maadili, 2 za ile mikopo isiyo ya kawaida, na moja ya kuchagua. Ukiiacha ife na ukakaa miaka 5 bila leseni, mtihani unaukalia upya. Zile saa 20 za masomo ya kuombea leseni nazo zina muda wake. Nawe sasa una kazi ya ofisini pale hospitali, una mtoto wa miezi minne, na unajiuliza kwa nini ulipie kitu kisichokuingizia hata senti.

Akiba haiozi. Najua umecheka. Najua na kaka yako atacheka ukimsomea. Semeni mtakavyo, akiba haiozi.

Ila hapo hapo naikumbuka charahani ya bibi yako. Macho yake yalipokwisha hakushona tena hata kibwebwe, lakini kila Ijumaa alikuwa akiifunua, anaitia mafuta, anazungusha gurudumu mara mbili tatu, anaifunika kanga. Mimi nikimcheka. Alipofariki tukaifunika vizuri, tukaiweka stoo, tukaenda zetu Marekani. Niliporudi gurudumu lilikuwa halizunguki hata kwa nyundo. Kwa hiyo ipo akiba inayooza. Sijui niseme nini hapo. Tuendelee.

Unaniuliza habari ya ada na saa 8, na mimi tangu juzi nawaza meza yetu ya kulia chakula ya mwaka 2005.

Ulikuwa na miaka 11. Barua zote za nyumba ile ulikuwa ukitusomea wewe, za shule, za gesi, za bima. Yule bwana, dalali wa mikopo, alikuja Jumamosi jioni. Jina lake siliandiki, mama yako akiliona ataichana karatasi. Alikunywa chai yetu, akala vitumbua sita, akaulizia watu wa Ngamiani mmoja mmoja kama aliyeondoka jana. Mtu wa kwetu! Akasema, "Kaka, kupanga nchi hii ni kumjengea mwenzio." Kweli ilikuwa kweli. Akatandaza makaratasi, nawe kwa mazoea yako ukayavuta ukaanza kusoma na kidole. Ukafika mahali ukasimama. Ukasema, "Baba, hapa wanasema riba itabadilika. Itabadilika kwenda wapi?"

Nikakwambia nyamaza, watu wazima wanazungumza.

Yeye akacheka, akasema mtoto huyu atakuwa wakili, akakupa dola 5. Nikatia saini.

Yaliyofuata unayajua, uliyaishi. Ule mkopo wa miaka 2 kwa 28: miaka miwili riba imefungwa, halafu miaka 28 iliyobaki anafunguliwa mnyama. Tulianza na asilimia 7.2, tukilipa dola 801 kwa mwezi. Vuli ya 2007 ikaruka hadi 10.2, malipo yakawa 1,044. Na yule bwana hakututajia kwamba kodi ya majengo na bima havikuwemo humo, kwa hiyo vikaja peke yake, kila kimoja na bahasha yake. Mama yako akachukua zamu za usiku kule kwa wazee. Mimi nikaongeza Jumapili bohari. Tukashitakiwa, na kiangazi cha 2008 sherifu akaiuza nyumba kwa mnada. Mti wetu wa mbele, ule uliokuwa ukiwaka mwekundu kila Oktoba, nasikia mwenye nyumba mpya aliukata.

Miaka mingi nilikuwa nikisema tulitapeliwa na mtu wetu. Na ni kweli. Wewe mwenyewe uliposomea kazi hii ndiyo ulinieleza kuwa siku zile mkopeshaji alikuwa akimwongezea dalali malipo pale alipomuuzia mteja riba kubwa kuliko aliyostahili, na kwamba malipo ya namna hiyo yalikuja kupigwa marufuku Aprili 2011. Nilikaa kimya kwenye simu, ukadhani mtandao umekatika. Nilikuwa nahesabu vitumbua.

Lakini, Zuhura, kwenye ile fomu ya kuombea mkopo pameandikwa kuwa kwa mwezi napata dola 5,200. Mimi nilikuwa napata 2,600. Namba nilikuwa nazijua kusoma. Niliiona, nikajiambia yeye ndiye mjuzi wa kazi yake, nikageuza ukurasa. Sasa hapo nani alimtapeli nani? Mama yako anasema nisijitese, mwenye kosa ni aliyejaza. Mimi nasema aliyejaza alijaza mbele ya macho yangu. Mjadala huu tunao kila mwezi, wala hauishi.

Basi, tarehe 30 Julai 2008 Rais Bush akasaini sheria iliyotaka watu wa mikopo ya nyumba wasajiliwe kote Marekani, na wale wanaohitaji leseni ya jimbo wasome hizo saa 20, wafanye mtihani, watoe alama za vidole, na rekodi zao za madeni ziangaliwe. Sisi wakati huo tulikuwa tumeshahamisha magodoro. Sheria ilifika msiba umekwisha zikwa. Lakini ilifika. Ndiyo maana uliponiambia mwaka 2019 kwamba unakwenda kuitafuta leseni hiyo, sikukuuliza mshahara. Mama yako aliuliza. Mimi nilikwenda chooni nikakaa humo.

Mara ya kwanza ulipata 71 na wao wanataka 75. Ukalia. Ukangoja zile siku 30, ukarudi, ukapita, ukanipigia ukiwa bado kwenye maegesho ya magari. Nilimtangazia kila mtu msikitini, mpaka imamu akaniuliza mwanao ameolewa?

Halafu neema ikaja. Januari 2021 riba ya mikopo ya miaka 30 ilishuka hadi asilimia 2.65 na ulikuwa hulali, kila mtu anataka kubadilisha mkopo wake. Oktoba 2023 ikafika 7.79 na simu yako ikanyamaza. Biashara ndivyo ilivyo, sina la kuongeza. Ninachokikumbuka mimi katika miaka ile yote si zile kamisheni, ingawa paa hili ninaloandikia chini yake limeezekwa kwa mojawapo, na Mungu akulipe. Namkumbuka yule mzee wa Goma. Ulimsomea makaratasi yake kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa, saa tatu nzima, mwisho ukamwambia, "Mzee, kwa kipato hiki usikope mwaka huu." Ukarudi nyumbani mikono mitupu na bosi wako amekununia. Ulinisimulia kama mtu anayesimulia siku mbaya kazini. Mimi nilitoka nje nikatembea mpaka Raskazone na kurudi.

Sasa najibishana na nafsi yangu. Nafsi moja inasema leseni ile isife, akiba haiozi, riba zilizopanda zitashuka, na siku watu watakapopanga tena foleni wewe utakuwa unatafuta mdhamini tu, huku wenzio wakianza na mtihani. Nafsi ya pili inasema, mzee, unataka mwanao alipe ada kila Desemba ili wewe usamehewe neno ulilolisema 2005? Kusoma makaratasi alijua kabla ya leseni. Leseni haikumfundisha kuuliza riba inakwenda wapi. Mtoto ananyonya, mume anafanya kazi usiku, na saa 8 ni saa 8. Tena hiyo nafsi ya pili ina sauti ya mama yako, na kwa kawaida ndiyo inayoshinda humu ndani.

Kwa hiyo sikuamulii. Nilishawahi kuamua mbele ya makaratasi ya nyumba na uliona. Mimi ningekuwa wewe... hapana, basi. Nimeahidi sisemi.

Ulizia tu mambo mawili kabla mwezi huu haujaisha. Kwanza, je, jimbo lako lina muda wowote ambao halitavumilia leseni kulala? Maana majimbo hayafanani. Pili, hayo masomo hakikisha si yale yale uliyoyachukua mwaka jana, ulishaniambia kuwa kozi ile ile mara mbili mfululizo haihesabiwi. Na usingoje wiki ya mwisho ya Desemba. Wewe una tabia hiyo, umeitoa kwangu.

Makaratasi ya 2005 bado ninayo, kwenye bahasha ya kaki chini ya godoro. Ukija nitakuonyesha pale kidole chako kilipokuwa kimesimama. Ulikuwa umekula kitumbua, alama ya mafuta ipo mpaka leo.

Mama yako anasoma begani kwangu, anauliza hizo saa 8 mtu hawezi kuzifanya kwenye kompyuta huku ananyonyesha? Nimemwambia sijaulizwa hilo. Anasema niandike tu.

Nimeandika.

Baba yako,
Chumbageni, Tanga