Kinyonga mchanga: ale nini, na awe na gramu ngapi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa darasa la sita aliokota kinyonga mdogo kwenye ua wa michongoma hapa kwetu Tabata, siku mafundi walipokuwa wanaukata. Bila mkia, urefu wake ni kama kidole changu cha shahada. Tunampa panzi wadogo watatu kwa siku. Juzi nilimpima kwenye mizani ya jikoni ikasoma gramu 6, jana ikasoma 5, leo asubuhi 7. Anakonda au ananenepa? Uzito unaotakiwa ni upi? Jirani anasema nimwongezee nyama ya kusaga na maziwa. Maji nimemwekea kwenye kisahani lakini hayagusi kabisa. — Mama Nasra, Tabata

JIBU: Marahaba, Mama Nasra. Mpe mwanao pongezi zangu, kwa sababu kinyonga akionekana mtaani mara nyingi hupigwa mawe kabla hajafika popote. Hana sumu wala mkosi. Anachohitaji kwenu ni utulivu na wadudu wazuri.

Nianze na sheria ili isije ikawasumbua baadaye. Kinyonga ni mnyamapori, na chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 huwezi kumfuga bila kibali. Wanaohusika ni TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Ushauri wangu ni kwamba akiwa mzima arudishwe kwenye kichaka cha karibu na pale alipookotwa, mbali na mapanga ya mafundi. Mkitaka kukaa naye, fuatilieni kibali kwanza. Ninayoeleza hapa yatamfaa kwa siku chache au kwa miaka.

Sasa hizo gramu 5, 6 na 7. Kwa maelezo yako sidhani kama mnyama amebadilika. Tatizo ni mizani. Mizani ya jikoni huruka gramu nzima nzima, na gramu moja kwa kiumbe wa gramu 6 ni sawa na mtu mzima wa kilo 60 kuambiwa leo ana kilo 50 na kesho 70. Tafuta mizani ndogo ya kidijitali inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, zile zinazotumiwa na masonara. Kariakoo zipo. Weka kijiti juu yake, ibonyeze isome sifuri, kisha mwache kinyonga apande mwenyewe kwenye kijiti hicho. Usimbane kwa vidole. Akibanwa anajivimbisha, anahangaika, na namba haitulii. Pima mara moja kwa wiki, asubuhi kabla hajala, na uandike kwenye daftari pamoja na tarehe.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii, nalo ni choo. Kinyonga mdogo anaweza kukaa siku moja au mbili bila kujisaidia, halafu akatoa choo kikubwa kwa mara moja. Akipimwa kabla na baada ya hapo, tofauti itakutisha bure. Kwa hiyo usihukumu kwa vipimo viwili. Angalia wiki tatu au nne kwa pamoja. Mfano, akisoma 6.2, kisha 6.6, 6.5 na 7.1, huyo anakua vizuri ingawa wiki ya tatu alishuka kidogo. Anayesoma 6.2, 6.1, 5.9 na 5.6 amepoteza karibu sehemu ya kumi ya mwili wake katika umri ambao alitakiwa kuongezeka. Huyo anahitaji daktari, hata kama bado anakula.

Uzito mmoja ulio sahihi siwezi kukuandikia, na usiuamini ukiupata kwingine. Kinyonga unayemwona kwenye michongoma ya Dar es Salaam karibu kila mara ni yule wa kawaida wa pwani, mwenye vipande viwili vya ngozi nyuma ya kichwa vinavyofanana na masikio. Wataalamu humwita Chamaeleo dilepis. Jike huwa mkubwa kuliko dume, na watoto wa kiota kimoja hupishana sana kwa ukuaji. Wa kwako aliokotwa, umri wake hatuujui, kwa hiyo hatuna wa kumlinganisha naye. Linganisha gramu zake na urefu wake mwenyewe. Kila unapompima, mpige picha kwa ubavu akiwa kwenye kijiti, rula ikiwa pembeni. Urefu kutoka puani hadi kwenye tundu la haja ukiongezeka huku gramu zimesimama, chakula hakitoshi au ana minyoo. Gramu zikipanda kwa kasi na urefu umesimama, unamnenepesha.

Kisha tumia macho. Kinyonga mwenye afya ana mikono na miguu yenye nyama, na mzizi wa mkia ni wa duara. Ukiona mifupa ya nyonga imechomoza pale mkia unapoanzia, au mashimo nyuma ya macho, amekonda. Mbavu zinababaisha watu. Anapojikunja au kujibana ubavu ili aote jua, mbavu huonekana, na hiyo ni kawaida. Zikionekana hata akiwa ametulia kivulini, si kawaida. Kwa upande wa pili, uvimbe laini juu ya kichwa na mashavu yaliyojaa ni mafuta. Jike aliyekomaa akinenepa ghafla tumboni huenda ana mayai, ila wa kwako bado ni mdogo kwa hilo.

Nyama ya kusaga na maziwa acha kabisa, na ugali usijaribu. Tumbo la kinyonga ni la wadudu hai, na ulimi wake huchochewa na kitu kinachotembea. Panzi watatu kwa siku huenda wanatosha, huenda hawatoshi, inategemea ukubwa wao. Kipimo ni upana wa kichwa chake: mdudu asizidi nafasi iliyopo kati ya macho mawili. Kwa umri huu mlishe kila siku, asubuhi baada ya kuota jua, umpe wadudu wadogo mmoja mmoja kwa muda wa dakika kumi na tano hivi. Wengi wa saizi yake humaliza kati ya wanane na kumi na tano wadogo. Akigeuka au akiacha kuwafuata kwa macho, ameshiba. Atakapokaribia utu uzima, siku moja ale, siku inayofuata apumzike.

Changanya aina: nyenje, panzi wa majani mabichi, nzi wa matunda (ndizi iliyoiva kupita kiasi ndani ya kopo lenye matundu itawaita wenyewe), na mara mojamoja funza wale wanaofugwa kwa ajili ya kuku. Mende wa nyumbani usimpe, kwa sababu huwezi kujua ni nyumba gani imepuliziwa dawa wiki hii. Kimulimuli usimpe hata mmoja. Kuna vimulimuli wenye sumu ya moyo ambayo imewahi kuua mijusi waliofugwa baada ya kula mdudu mmoja tu. Na tafadhali, usishone wavu wa kukamatia panzi wala kuzungushia banda kwa chandarua cha msaada. Kimetiwa dawa ya kuua wadudu. Wadudu wanaobaki jioni watoe, maana nyenje mwenye njaa humtafuna kinyonga aliyelala.

Hapa ndipo ningeomba usome taratibu, kwa sababu vinyonga wengi wachanga wanaofugwa hawafi kwa njaa. Wanakula sana, gramu zinapanda, mwenye nyumba anafurahi, halafu miguu inaanza kupinda. Ni matege. Karibu wadudu wote wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, na mwili unaokua haraka ukikosa kalsiamu huichota kwenye mifupa. Kwa hiyo kumjaza chakula ili mizani ipande kunaweza kumdhuru kuliko kumpunja kidogo.

Dawa yake ni mambo matatu pamoja. La kwanza, lishe wadudu kabla hujamlisha yeye: siku moja kabla wape majani ya mlonge, sukuma wiki, karoti au boga. Mchicha na spinachi si chaguo zuri hapa, kwa kuwa vina asidi inayofunga kalsiamu isitumike. La pili, nyunyizia wadudu unga wa kalsiamu kaboneti kidogo sana karibu kila mlo. Ukikosa, chemsha maganda ya mayai, yakaushe, uyasage hadi yawe laini kabisa. Usichukue mchanganyiko wa madini ya kuku bila kusoma lebo. Mwingi una fosfeti, na fosforasi tayari anayo ya kuzidi. Vitamini ya unga yenye D3 mara mbili kwa mwezi inatosha.

La tatu ni jua, na hapa Dar tumejaaliwa. Mtoe kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi kwa nusu saa, kwenye banda la wavu ambalo nusu yake ina majani ya kujificha. Jua la dirishani halimsaidii, kwani kioo huzuia miale inayotengeneza vitamini D mwilini. Kamwe usimweke juani ndani ya chombo cha kioo au ndoo ya plastiki, ataiva humo. Akipauka na kuachama mdomo, joto limezidi, msogeze kivulini. Chumba chenye kiyoyozi nacho hakimfai, kwa kuwa akipoa chakula hakisagiki tumboni. Mwezi wa saba asubuhi zikiwa na baridi, usishangae hamu ikipungua kidogo.

Kuhusu kisahani, hatakigusa. Kinyonga hunywa matone yaliyo kwenye majani. Nyunyizia majani ya bandani maji safi asubuhi na jioni, kwa chupa ambayo haijawahi kuwekwa sabuni wala dawa, mpaka yadondoke, umpe dakika kadhaa alambe. Kisha kagua choo: ile sehemu ya mkojo iliyoganda iwe nyeupe. Ikiwa ya njano iliyokolea au rangi ya chungwa, maji hayatoshi.

Usisubiri kipimo cha wiki ijayo ukiona anafumba macho mchana, macho yamezama, ulimi unatoka nusu au unakosa shabaha, anatetemeka, au anaanguka kutoka kwenye kijiti alichokuwa anakishika vizuri. Mlete siku hiyohiyo kwa daktari wa mifugo anayekubali kutibu reptilia. Kwa kesi nzito ipo hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Njoo na daftari la uzito, zile picha zenye rula, na choo chake cha siku hiyo kwenye mfuko safi ili tukikague minyoo.